Picha Iliyoziba Njia

Nakutegea, na usikimbilie kujibu. Nina mlango mmoja, mwembamba kama wa banda la kuku. Kila Jumapili mchana wanafika ndugu wawili kwa pamoja. Mmoja kabeba godoro, mwenzake kabeba sindano. Mwenye godoro anajitosa mbele, anakwama katikati ya mlango, na mwenye sindano anabaki nje. Niambie, ndugu hao ni nani?

Umeshindwa? Usione haya, hata mimi nilishindwa, na mlango wenyewe ulikuwa wa nyumbani kwangu. Mwenye godoro ni picha. Mwenye sindano ni sauti. Na mlango ni mtandao wetu, huo unaotoka kwenye simu ya mkwe wangu yenye kioo kilichopasuka, tuliyokuwa tunaiegesha dirishani kwa sababu hapo ndipo ilipokamata kidogo.

Ngoja nikueleze tangu mwanzo, usije ukadhani bibi anachanganya habari.

Chumba chetu cha mbele ni cha cherehani. Mkwe wangu anashona sare za shule, na sakafu haikosi vipande vya kitambaa cha buluu hata ufagie mara ngapi. Siku hizo chumba hicho kilikuwa pia cha mgonjwa. Mume wangu, ambaye sote tunamwita Mzee, alikataa katakata kulala chumba cha ndani.

"Nilazeni mbele," alisema. "Mlango ukifunguliwa, nijue."

Tukasogeza meza ya kukatia, tukaweka kitanda chake kati ya cherehani na mlango wa barabarani. Alikuwa dereva wa greda, hizi mashine za kusawazisha barabara, mtu wa kifua na kelele. Sasa uvimbe wa tumbo ulikuwa umemla hata ukimfunika shuka huoni kama kuna mtu chini yake. Macho nayo yalikwisha kuingia ukungu miaka mingi nyuma. Alijua mchana na usiku, basi. Hospitali walimpima, wakatazamana, wakaturudisha nyumbani na kopo la vidonge vya maumivu. Hawakusema maneno mengi. Sisi nasi hatukuuliza mengi.

Aliyekuwa akisubiriwa kwenye mlango huo ni Kitinda, mtoto wetu wa mwisho, mume wa mkwe wangu huyo huyo. Alikwenda mbali kufanya kazi ya kupanga mizigo ghalani, huko ambako sisi tukila cha mchana yeye ndiyo kwanza anapiga mswaki. Alimwachia mkewe kompyuta yake kuukuu na maelekezo: fungua brauza, bonyeza ukurasa ule, nitokee. Huhitaji kupakua kitu. Simu ya kawaida ya huko ilikuwa inameza salio kabla hujamaliza salamu. Na kweli alikuwa anatokea. Anatokea mzima, na ukuta wa chumba chake nyuma, na koti limening'inia msumarini. Kumwona haikuwa taabu. Taabu ilikuwa kumsikia.

Jumapili moja Mzee aliomba tumwinue, tumwegemeze mito. Nilijua ana jambo, maana alijifuta midomo kwanza.

"Shikamoo, Baba," Kitinda alisema kule.

"Marahaba. Wamekulisha huko, au wanakufugia njaa tu?"

"Nakula, Baba."

"Sauti yako haina shibe." Mzee alicheka, akakohoa, akangoja kikohozi kimwache. "Sikiliza. Nina swali moja, na unijibu kama mwanamume. Nikusubiri, au nisikusubiri?"

Mimi nilikuwa natazama kioo. Niliona midomo ya mwanangu inachezacheza. Kilichotoka kwenye kompyuta kilikuwa kama kuku anayekunywa maji: "Ba... ki... ki... si... ri..." Halafu akaganda, mdomo wazi, jicho moja limefumba nusu. Sura mbaya, nakuambia. Mtu akiganda hivyo unaona namna atakavyokuwa siku ukimfumba macho. Nikageuka.

"Amesema nini?" Mzee akauliza.

"Mtandao, Baba," mkwe wangu akajibu akiwa tayari anaifunga kompyuta. "Umekatika."

"Umekatika kwenye 'ndiyo' au kwenye 'hapana'?"

Mkwe wangu alirudi kwenye cherehani na kuanza kukanyaga, na chumba kikajaa mlio ule wa tatatata, wala hakuwa ameweka kitambaa chochote chini ya sindano.

Jumapili iliyofuata ikawa hivyo hivyo. Salamu zilipita, habari za mvua zilipita, swali likafika kule, jibu halikufika huku. Na ile nyingine pia. Mzee akawa anatania kwamba mtandao una akili, unajua mahali pa kuuma. Lakini akilala nilikuwa naona anaikunja shuka kwa vidole.

Nilivumilia, nikachoka, nikavuka barabara kwenda kwa Chaji.

Chaji ni binti mwenye kibanda cha kutengeneza simu na kompyuta. Jina lake la nyumbani ni jingine, lakini kila anapoingia nyumba ya mtu neno la kwanza ni "Nipeni chaji kwanza," basi likamganda. Alikuja na mkoba wake, akachomeka simu yake ukutani kama kawaida, akamsogelea mgonjwa.

"Hujambo, mchumba?" Mzee alimwambia. Hakumwona, ila alikuwa anamjua kwa kishindo.

"Mchumba gani hata soda hujaninunulia?"

"Ngoja nipone."

"Wote mnasema hivyo." Akaketi kwenye kigoda cha mkwe wangu, kompyuta magotini. Akabofya, akaguna, akabofya tena. "Bibi, brauza hii ni ya tangu enzi za gharika. Haijawahi kusasishwa. Kitu ninachokitaka hakimo kabisa."

"Kitu gani?"

"Kidhibiti. Tazama. Laini yenu ni nyembamba. Mkipiga simu ya video, picha yake inakuja nene, na picha yenu inakwenda nene. Zinaijaza njia yote. Sauti haihitaji hata robo ya nafasi hiyo, lakini haipati pa kupita. Nikisasisha brauza, ule ukurasa mnaopigia utanipa swichi ya kubana. Nabana picha, inayokwenda na inayokuja, sauti inapata njia yake."

Mimi nilikuwa bado natafuna maneno hayo. Mzee alikuwa ameshaelewa.

"Barabara inatengenezwa," alisema kutoka mitoni. "Upande mmoja umechimbwa, umebaki upande mmoja. Lori linakuja na baiskeli inakuja. Ukiacha wajipitie, lori litakwama na baiskeli itaingia mtaroni. Unaweka mshika kibendera. Anasimamisha lori."

"Mchumba, wewe ungekuwa fundi mwenzangu."

"Nilikuwa fundi kabla hujazaliwa, mtoto wewe. Weka kibendera."

Kusasisha kulichukua muda. Chaji alitupigia soga, akala viporo vyangu, akamsifia mkwe wangu kwa mishono. Mkwe wangu alijibu kwa kichwa tu, pini zikiwa mdomoni. Mwishowe Chaji akaniita nione: vidoti vitatu pembeni, unabonyeza, mipangilio, unabonyeza, halafu swichi ndogo ya mviringo iliyokuwa imezimwa. Akaiwasha ikawa kijani. Chini yake pakatokea mstari wenye tone, ukilivuta tone kulia picha inanenepa, ukilivuta kushoto inakonda. Akalivuta kushoto, akaacha padogo.

"Mama sare, umeona?" alimwambia mkwe wangu. "Usiiguse tena hii. Ikae hivi hivi."

"Nimeona," mkwe wangu alisema, pini mdomoni.

Chaji akachomoa simu yake, akatoka hadi kibandani kwake ng'ambo ya barabara, akatupigia kwa ukurasa ule ule. Uso wake ukatokea vipande vipande vya mraba, kama sakafu ya vigae. Pua huioni ilipo. Lakini sauti! Ungesema ameketi kitandani.

"Mchumba, unanipata?"

Mzee alinyoosha mkono hewani kana kwamba anataka kumshika bega. "Nakupata hadi pumzi. Mwambie jirani yako apunguze redio."

Jioni ile alikula. Si kingi, lakini aliomba mwenyewe.

Sasa nitakuambia jambo lingine lililotokea kabla ya Jumapili kufika, kwa maana bila hilo huwezi kuelewa kilichofuata.

Mzee akizidiwa na maumivu nilikuwa namtegea vitendawili. Ndivyo tulivyokuwa tangu ujana wetu. Yeye alikuwa akirudi na vumbi la barabara mpaka kwenye kope, na mimi namtegea wakati naosha miguu yake. Basi asubuhi moja alikuwa amejikunja, ameuma shuka. Nikakaa pembeni yake, nikamtegea nilichokitunga hapo hapo.

"Akija simwoni, akikaa simjui, akiondoka ndipo najua kwamba alikuwepo."

Alipumua kidogo. "Usingizi," alisema. "Na huyo simtaki."

"Humtaki kwa nini? Ungemtaka angekupumzisha. Vidonge si vinamleta?"

Akanyamaza. Nilikuwa nampa vidonge mwenyewe, kimoja asubuhi kimoja jioni, namwona anaweka mdomoni, anakunywa maji. Lakini kule kunyamaza kwake kulinishtua. Miaka yote ile hajawahi kunyamaza bila sababu. Nikapitisha mkono chini ya mto, ndani ya foronya. Vilikuwemo. Vingine vimeyeyuka nusu kwa mate na kugandana na kitambaa.

"Mzee wangu."

"Usinigombeze."

"Unaumia hivi, na dawa umezilalia?"

"Vinanilaza, mama watoto. Nikimeza, najikuta huko, siku nzima imekwenda. Sasa Kitinda akifika nimelala? Afungue mlango, asimame hapo na mzigo wake, aone maiti inakoroma?" Akatafuta mkono wangu, akaupata. "Akisema anakuja, nitajikaza hadi afike. Akisema haji, nipe vyote unavyotaka, nilale. Lakini aseme. Mimi si mtu wa kuacha kazi katikati bila kuambiwa."

Nilitoka nje nikasimama karibu na pipa la maji. Sikulia, nilikuwa nimejaa tu.

Jumapili ikafika. Nilimwosha Mzee, nikamvisha shati. Mkwe wangu akafungua kompyuta, akaiweka juu ya meza ya kukatia. Kitinda akatokea.

Akatokea vizuri mno! Nilitegemea vigae, nikaona mtu. Niliona hadi kifungo cha shati lake kinachoning'inia kwa uzi mmoja. Mkwe wangu alikuwa ameinama karibu na kioo, uso wake unang'aa kwa ule mwanga, na hakupepesa macho.

"Kitinda," Mzee akaita. "Leo barabara imetengenezwa. Nijibu lile swali langu."

"Ba... ba... si... mi... si..."

Kuku akaanza kunywa maji. Halafu kimya. Halafu mdomo wazi.

Mzee alilala chali taratibu. Hakuuliza amesema nini. Hakutania. Aligeuza uso upande wa mlango, na mwili wake wote ukakaza kama wa mtu anayeshika breki.

Kesho yake nikamfuata Chaji na hasira. "Ulituambia umeweka kibendera!"

"Bibi, niliweka. Si ulisikia mwenyewe?"

Akaja. Mkwe wangu alikuwa amekwenda kupeleka sare shuleni. Chaji akafungua, akabonyeza vidoti vitatu, akatazama. Swichi haikuwa kijani. Tone lilikuwa limevutwa kulia hadi ukutani.

"Labda umeme ulikatika ukaizima," nikasema.

"Hii haizimwi na umeme, Bibi." Akapitisha kidole juu ya kile kibao cha kuongozea mshale. Kidole kikatoka na vumbi la buluu. Alilitazama lile vumbi, akanitazama, na mimi nikaitazama meza ya kukatia, pale ilipolala chaki ya buluu ya kuchorea vitambaa vyeupe vya mashati. Chaji akajifuta kidole kwenye sketi yake.

"Mimi sijui mambo ya nyumba za watu," alisema. Akaiwasha tena, akalivuta tone kushoto, akaondoka. Siku hiyo hata simu yake hakuchaji.

Nilimsubiri mkwe wangu uani. Aliporudi nikamwambia aniletee kigoda changu, akaleta. Nikamwambia alete na chake, akajua.

"Mama," akasema akiwa bado amesimama, "ni mimi."

"Keti."

Akaketi. Ana mikono mizuri huyo mtoto, vidole virefu, na alivifungia vyote ndani ya upindo wa kanga.

"Unamficha nini baba yako?"

"Simfichi." Akameza mate. "Mama, wewe Kitinda ulimzaa, ukamlea, uso wake unao kichwani. Mimi nimekaa naye muda mfupi kuliko nilivyokaa na hiyo cherehani. Jumapili ndiyo namwona. Namwona kama amekonda, kama amenyoa, kama amevaa lile shati nililomshonea. Chaji akambana akawa vigae. Sasa mimi nibaki na nini?"

"Na sauti."

"Sauti si ya Baba?"

Lilinigusa hilo, sitakuficha. Nikaliacha lipite kwanza. Halafu nikasema, "Hiyo ni sababu moja. Wewe si mchoyo kiasi hicho. Nipe ya pili."

Akatazama mlango wa chumba cha mbele, akashusha sauti.

"Haji, Mama. Kibali chake cha kukaa huko kimekwisha muda, anangojea kipya, na hawamwambii kitatoka lini. Akitoka sasa hivi hawamruhusu kuingia tena, na kazi imekwenda. Ameniandikia tangu mwanzo. Anasema kila Baba akimuuliza, anafungua mdomo haelewi atoe nini. Na simu ikikatika..." Akasita. "Ikikatika, anashukuru Mungu."

"Kwa hiyo mmekubaliana, wewe na yeye."

"Hatujakubaliana! Yeye hajui. Anadhani ni mtandao tu. Ni mimi nilipoona ile swichi nikajua, hii ikikaa, Jumapili atajibu. Na akijibu, Baba atakufa. Hivi anavyosubiri ndiyo anavyoishi. Si unaona? Matumaini yanamshika."

"Yanamshika, ndiyo," nikasema. "Kama msumari unavyoshika ubao."

Nikanyanyuka, nikaingia ndani polepole, nikarudi na foronya. Nikaitandaza magotini kwake, upande wa ndani juu. Alitazama yale madoa meupe, vile vidonge vilivyogandana. Kwanza hakuelewa. Nikamweleza kwa nini. Nilimweleza maneno ya Mzee kama alivyoyasema, sikuongeza, sikupunguza.

Alikuwa anashona karibu na kitanda kile siku nzima, unafahamu? Alikuwa akimsikia anaguna, akidhani ni ugonjwa. Akidhani dawa zimeshindwa. Alikuwa akikanyaga cherehani kwa nguvu ili asimsikie.

"Kila siku?" aliuliza.

"Kila siku."

Aliikunja foronya mara mbili, mara nne, akawa anaibana kifuani kama mtoto. Sikumshika mkono. Kuna wakati kumshika mtu ni kumharakisha.

Mimi nilikuwa na njia nyingine. Ningeweza kuingia ndani wakati ule ule nikamwambia Mzee mwenyewe: haji. Niliifikiria. Lakini swali halikuulizwa kwangu. Na Mzee angejuaje kwamba si huruma yangu tu, namtafutia ameze dawa? Miaka yote tuliyoishi, jibu la kitendawili halikupokelewa kutoka kwa asiyetegewa. Ilikuwa sheria yetu tangu watoto wakiwa wadogo, mmoja akishindwa mwingine hamsaidii, wala mama hamnong'onezi. Kitinda ndiye aliyekuwa akilia sana kwa sheria hiyo.

Wiki ile ilikwenda kama mtu anayevuta gunia. Mvua ilinyesha, ikaacha, ikanyesha. Muuguzi wa zahanati alipita, akamshika Mzee kifundo cha mkono, akaniita pembeni. "Bibi, dawa anameza huyu?" Nikamwambia atameza. Akanitazama kama ananihesabia uongo, akaenda zake na mwavuli. Mkwe wangu alishona kidogo sana. Nilimwona mara mbili ameiwasha kompyuta, hapigi kwa mtu yeyote, anatazama tu pale kwenye ile swichi.

Jumapili nikamwosha Mzee. Alikuwa mwepesi mno. Nilimgeuza kwa mkono mmoja. Shati alilikataa. "Niache na shuka," alisema. "Leo sina mgeni wa heshima, ni mtandao tu."

Kitinda akatokea. Lakini alitokea mzima, uso wote, na lile shati aliloshonewa na mkewe. Nikamgeukia mkwe wangu, naye alikuwa ameshanisoma.

"Dakika moja, Mama," alisema kwa sauti ya chini. "Moja tu."

Nikamwachia. Aliinama pale, akamtazama. Kitinda kule alikuwa anasema kitu kinachofika vipande vipande, anatabasamu, anapunga mkono. Mkwe wangu aligusa kioo pale penye kola, kama anavyofanya akipima mteja, kuona kama imekaa sawa. Halafu akabonyeza vidoti vitatu. Mipangilio. Swichi ikawa kijani. Akalishika lile tone, akalivuta kushoto. Nikaona uso wa mwanangu unakuwa vigae. Hakuishia pale alipoishia Chaji. Akalivuta hadi mwisho kabisa, vigae vikazimika, kioo kikawa cheusi, katikati pakabaki duara lenye herufi ya kwanza ya jina la Kitinda.

Na chumba kikajaa.

Sijui nikuelezeje. Tulisikia kiti kinalia chini yake. Tulisikia birika la maji linaanza kuchemka, na gari linapita kwenye barabara ya huko, barabara ambayo sijawahi kuiona. Tulimsikia anavuta kamasi. Mzee akafumbua macho yake yasiyoona.

"Haloo?" Kitinda alisema, wazi kama mtu aliyesimama mlangoni. "Haloo? Mke wangu, mbona sikuoni? Kioo kimekuwa cheusi."

"Nimebana picha," mkwe wangu alisema. "Iliziba njia."

"Oh." Akajikohoza. "Sasa... mnanisikia?"

"Tunakusikia hadi birika lako," Mzee alisema. "Lizime, linatupigia kelele."

Tulisikia kiti kikisukumwa nyuma, miguu ikienda, kitufe kikibofywa, miguu ikirudi. Tulisikia pia kwamba alisimama kidogo kabla ya kukaa.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba."

"Baba, naona kama mtandao wa leo tena una..."

"Mtandao ni mzuri," mkwe wangu akasema. Alikuwa amegeukia ukuta, mgongo kwetu, mikono miwili imeshika meza ya kukatia. "Ni mzuri kabisa. Baba anakusikia kila kitu."

Pale ndipo Kitinda alipojua. Niliisikia pumzi yake ikiingia na isitoke. Nilijua pumzi hiyo. Ndiyo aliyokuwa akiivuta akiwa mdogo, amesimama katikati ya chumba, wenzake wote wanamtazama, na hakuna wa kumnong'oneza.

Mzee hakumharakisha. Alitafuta mkono wangu juu ya shuka, nikampa. Ulikuwa baridi, na mifupa yake yote niliihisi kiganjani.

"Kitinda," alisema kwa upole, upole ambao sikuusikia kwake hata siku nilipojifungua. "Nilikuuliza jambo. Sitakasirika, jibu lolote. Nataka tu nijue nilale vipi. Nikusubiri, mwanangu, au nisikusubiri?"

Kule gari jingine lilipita. Mkwe wangu alilaza paji la uso ukutani. Nilisikia midomo ya mwanangu ikiachana, ikafunga, ikaachana tena, na safari hii hapakuwa na kitu chochote cha kumkatia maneno.

"Usinisubiri, Baba."